Rangi ya Pikipiki si Urembo Mtupu

Waswahili walisema zamani kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nimeitumia mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu mzima anayejiona amekwisha kuyaelewa mambo ya dunia, kila nilipomwona kijana wa bodaboda ameinama kando ya barabara hapa Lodwar akiing'arisha pikipiki yake kwa kitambaa. Nilikuwa nikijiuliza: kijana huyu hana kazi nyingine? Rangi italeta unga nyumbani?

Leo, ndugu msomaji, nimeshika kalamu kukiri kwamba nilikosea. Na aliyenifundisha ni mpwa wangu mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na minne aendeshaye bodaboda Kakuma.

Alinijia siku moja jioni, amejaa vumbi toka utosini hadi nyayoni, baada ya kuukata mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka Kakuma hadi Lodwar. "Mjomba, ejoka?" akanisalimu. "Ejok," nikamwitikia, nikamwambia akae anywe chai kwanza. Lakini chai ilikuwa haijapoa alipotoa lililomleta. Alitaka nimdhamini achukue pikipiki mpya kwa mkopo.

Nilimwuliza ile aliyo nayo ina ugonjwa gani. Injini inagonga? Hapana. Inakula mafuta? Hapana. Breki je? Breki alizitengeneza mwezi uliopita. "Basi ni nini?" Kijana akatazama chini. "Mjomba, abiria wanaipita. Tukiwa watano tumesimama sokoni, mtu anatutazama wote, halafu anapanda ile inayong'aa. Mimi nabaki na madumu ya maji na magunia ya makaa."

Nilitoka nje nikaitazama hiyo pikipiki. Kweli ilikuwa ya kuhuzunisha. Tangi ambalo hapo awali lilikuwa jekundu limepauka hadi limefanana na ufizi wa mzee. Vifuniko vya ubavuni, vya plastiki, vilikuwa vimegeuka kijivu na ukivigusa vinakuachia unga mkononi. Bomba la moshi limeshika kutu. Madigadi ya mbele ina mikwaruzo kama mtu aliyepigana na paka. Lakini nilipoipiga teke iliwaka mara moja, nayo ikanguruma vizuri kabisa. Mgonjwa hapa hakuwa mwili. Mgonjwa alikuwa ngozi.

Na je, kwa ajili ya ngozi, kijana aingie katika deni la mwaka mzima na zaidi, akilipa kila siku ya Mungu, na siku akishindwa aje mtu kuichukua pikipiki na fedha zote alizokwisha kulipa ziende na upepo? Tumewaona wengi waliofikwa na hayo. Nikamwambia, "Udhamini sitoi. Lakini kaa hapa siku chache, tuipake rangi wenyewe."

JUA NA MCHANGA

Msomaji wa Mombasa au Lamu akisikia habari za pikipiki iliyochakaa atafikiri kwanza juu ya kutu, kwa kuwa huko chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Lodwar hupata mvua kidogo sana, kiasi cha milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana kwa kawaida hufika nyuzi 35 au kupita. Adui mkubwa wa rangi huku ni jua lenyewe, akisaidiwa na mchanga urukao na upepo.

Mwanga wa jua huvunja ule utomvu unaoshikanisha chembechembe za rangi. Utomvu ukifa, chembe hubaki hazina wa kuzishika, nazo hutoka kama unga wa chokaa. Nyekundu huwa aghalabu ndiyo ya kwanza kupauka. Ongeza hapo mchanga unaosugua kila siku kama msasa, magoti ya dereva yanayokwaruza tangi, madumu na mbuzi wanaofungwa nyuma, na mawe yanayorushwa na gurudumu. Wakati wa mvua pikipiki huvuka laga zenye matope, na mahali rangi ilipokwisha kutoka ndipo kutu huanza kula.

Kwa hiyo rangi ni zaidi ya pambo. Ni nguo ya chuma. Chuma kilicho uchi huliwa.

KOSA LA KWANZA NA LA PILI

Fundi mmoja wa mjini alitutajia shilingi 7,000, na pikipiki ingelala kwake siku nne. Sisi tulinunua vitu vyetu wenyewe: karatasi tano za msasa kwa shilingi 250, makopo mawili ya praima kwa 700, makopo matatu ya rangi nyekundu ya kupuliza kwa 1,050, kopo moja la vanishi kwa 400, tina kidogo kwa 150 na utepe wa karatasi wa kufunikia kwa 100. Jumla ikawa shilingi 2,650. Magazeti ya zamani na sabuni vilikuwako nyumbani.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Tulianza Jumamosi saa sita mchana, jua likiwa kichwani. Tulilipuliza tangi lililokuwa la moto hata huwezi kuliwekea kiganja. Rangi ilikauka hewani kabla ya kufika juu ya chuma, ikatua kama vumbi, na tangi likawa na ngozi ya ulimi wa paka. Upepo nao ukaleta mchanga ukagandisha humo humo. Kopo zima la shilingi 350 likapotea, maana ilitubidi kusugua yote upya.

Kosa la pili lingeweza kutuua. Mpwa wangu, kwa kutaka kubana matumizi, aliona tina inakwisha akachukua petroli katika kikopo ili asafishe madigadi ya chuma ya nyuma. Hatua chache toka hapo jiko la makaa lilikuwa likichemsha chai. Mke wangu ndiye aliyepiga ukelele: "Nyinyi! Mnataka kutuchoma na watoto?" Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama nyoka, ukaufuata moto ulipo. Na watu wengi hawajui kwamba tangi tupu, lililobaki na mvuke tu ndani, ni la hatari kuliko tangi lililojaa.

Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu ni hii: petroli humwagwa yote nje, mbali na moto na sigara, ndani ya dumu lenye kifuniko. Tangi huoshwa kwa maji na sabuni, huachwa wazi hadi likauke kabisa, kisha matundu yake huzibwa. Petroli si maji ya kunawia wala si tina.

KAZI ILIVYOFANYWA

Tulianza upya alfajiri, upepo ulipokuwa umetulia na chuma kingali baridi. Nyuma ya nyumba tuna mwarobaini mkubwa. Tulinyunyiza maji chini yake ili vumbi lilale, tukavining'iniza vipande matawini kwa waya, kimoja kimoja, ili rangi ifike kila upande. Nje, si chumbani. Harufu ile ya rangi si harufu tu: ni dawa kali iingiayo mapafuni na kupanda kichwani, na chumba wanacholala watoto si mahali pake.

Kwanza kila kipande kilioshwa kwa maji na sabuni ya unga, kikafutwa mafuta. Mahali pakiwa na alama ya grisi hata ya kidole kimoja, rangi haitashika. Kisha msasa. Penye kutu ulipita msasa mkali hadi chuma kikang'aa. Kwingineko tulitumia laini, tukamalizia na ule wa maji, wa namba 400 na 600. Hapa ndipo kazi yote ilipo, wala usidanganywe na mtu. Kupuliza rangi ni kazi ya nusu saa. Kusugua ni kazi ya siku mbili. Mwenye haraka na msasa atalipa kwa rangi.

Praima ikafuata, tabaka mbili nyembamba. Halafu rangi. Kopo hutikiswa dakika mbili nzima, hadi kile kigololi cha ndani kisikike kikicheza. Hushikwa umbali wa kama shubiri moja na zaidi kidogo, na mkono huwa mwendoni wakati wote, ukianza kupuliza nje ya kipande na kuishia nje yake. Tabaka ya kwanza iwe nyepesi hata uone bado praima chini yake. Subiri dakika kumi au kumi na tano, ndipo uongeze nyingine. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja nene ataona machozi yakitiririka juu ya tangi, na baadaye yake mwenyewe mashavuni.

Plastiki ina tabia yake. Vifuniko vingi vya pikipiki vimetengenezwa kwa aina ya plastiki isiyopenda kushikana na kitu. Ukiipulizia rangi tupu, baada ya mwezi itabanduka kama ganda la kitunguu. Huhitaji praima yake maalumu ya plastiki. Sisi hatukuipata dukani, kwa hiyo vile vya ubavuni tulivisugua kwa msasa laini, tukaviosha, tukaviacha na weusi wao. Afadhali cheusi safi kuliko chekundu kinachobanduka.

Bomba la moshi nalo halikubali rangi ya kawaida. Itaungua siku ya kwanza na kutoa moshi wenye harufu mbaya. Lina rangi yake ya kuvumilia joto kali, ambayo hukomaa kwa kupashwa moto pole pole na injini yenyewe. Hiyo tuliiahirisha hadi mfuko utakapojaa.

Neno la mwisho juu ya vanishi. Ile ya kopo la kawaida huyeyushwa na petroli. Kila tone litakalomwagika penye mfuniko wa tangi litaacha alama usipolifuta mara moja. Iko vanishi ngumu zaidi, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, ambayo petroli haiiwezi. Lakini dawa hiyo ina sumu inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haimzuii. Hiyo mwachie fundi mwenye vifaa kamili. Mtu wa nyumbani na ajifunze kujaza mafuta kwa uangalifu.

Rangi hukauka kwa kugusa baada ya saa moja, lakini hiyo haina maana kwamba imekomaa. Tuliviacha vipande hivyo karibu wiki nzima kabla ya kuvifunga. Mpwa wangu aliteseka kwa kungoja kuliko alivyoteseka kwa kusugua.

TANGU ZAMANI TUMEPAKA

Wako watakaosema: haya yote ni mambo ya mafundi, yanatafuta nini katika ukurasa wa utamaduni? Nami nitawajibu kwa kumtaja Edward Saidi Tingatinga. Mtanzania huyo, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufa 1972, alianza kuchora pale Dar es Salaam mwaka 1968 bila shule ya sanaa wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya mbao laini za viwandani, na rangi aliyotumia ilikuwa ile ya kupakia baiskeli. Ndiyo, rangi ya baiskeli! Leo mtindo wenye jina lake unajulikana duniani kote. Alitumia kilichokuwa dukani na kilichoingia katika uwezo wake.

Hapa kwetu Kenya nani asiyezikumbuka matatu? Sheria zilizoanza kushikwa kwa nguvu Februari 2004 zilizitaka zivae mstari wa manjano na kuacha michoro. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta akawaruhusu vijana warudishe rangi zao. Hata bodaboda yenyewe, ambayo jina lake lilizaliwa mpakani Busia enzi za baiskeli zilizovusha watu toka boda hadi boda, imekuwa na mapambo tangu mwanzo.

Lakini Mturkana hahitaji kwenda Dar es Salaam wala Nairobi kutafuta ushahidi. Kwa mila yetu kijana mwanamume alikuwa na dume lake la ng'ombe alilolipenda kuliko mengine yote. Alilifunga njuga shingoni, akayapinda pembe zake yapendeze, akaliimbia, na watu wakamwita yeye mwenyewe kwa jina lililotokana na rangi ya dume hilo. Lugha ya Kiturkana ina hazina ya maneno ya rangi na madoa ya mifugo ambayo Kiswahili, pamoja na utajiri wake, hakiwezi kuyafikia. Na wanaume walijipaka udongo wa rangi kichwani, nywele zikasimama kama kofia, wakachomeka humo manyoya ya mbuni. Je, huo ulikuwa upuuzi? Ulikuwa namna ya kusema: mimi ni fulani, na nina ninachokitunza.

Kijana wa leo hana dume. Ukame umewamaliza ng'ombe wa babaye, naye amekuja mjini. Anacho chombo kimoja kinachomlisha, na anakitunza kama babu alivyokitunza chake. Ukitazama vizuri utaona kwamba ni desturi ile ile, imebadili kwato ikavaa magurudumu.

YALIYO JUU YETU

Hata hivyo sitaki nisikike kama mtu anayesifu rangi na kusahau roho. Ile methali ya mkakasi ingali kweli kwa mwenye tangi linalong'aa na breki zilizokufa. Kila mtu aanze na breki, tairi, mnyororo na taa. Akibakiwa na fedha, ndipo aende dukani kununua rangi. Tena asipake mahali pasipopakwa: namba iliyogongwa kwenye fremu na kwenye injini, vioo vya kuakisi mwanga, nguzo laini za shokomzoba na ngoma za breki.

Na liko jambo la sheria. Rangi ya chombo huandikwa katika hati ya usajili. Mtu akiigeuza pikipiki nyekundu kuwa ya buluu bila kuwaarifu NTSA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2012, asishangae polisi akimwuliza aliiba wapi. Wezi nao hupaka rangi. Sisi tulirudisha wekundu ule ule, tukaepuka safari na karatasi.

Lililobaki ni la wakubwa. Kakuma si kituo kidogo tena. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imekuwa mji, Kalobeyei ikafuata kando yake, na ndani yake wamo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Waethiopia na Warundi, wengi wakiwa na ufundi mikononi. Wachoraji wa vibao vya maduka wamo humo. Yako pia mafunzo ya ufundi, ya Don Bosco pale Kakuma na ya Serikali ya kaunti hapa Lodwar. Naomba somo la rangi lisiwe mkia wa masomo mengine. Kijana afundishwe msasa, praima na kupuliza. Na kabla ya hayo yote afundishwe kuyalinda mapafu na macho yake. Nimepita mara nyingi penye vijana wanaopaka rangi kutwa nzima, pua wazi, wengine wamejifunga shati tu usoni. Hao watakohoa wakiwa na miaka arobaini, na hakuna atakayekumbuka sababu.

Nanyi wenye maduka, msiuze kopo la rangi bila kumwonyesha mnunuzi barakoa ya kufaa iliyo kando yake. Faida itakuwa yenu pia.

Mpwa wangu alirudi Kakuma siku ya nane. Wiki mbili baadaye nilikuwa na shughuli zangu huko, akanipokea. Alisimama na wenzake chini ya mti, na karibu nao alikuwa ameketi mzee mmoja juu ya ekicholong chake, fimbo mapajani. Mzee aliitazama pikipiki kwa muda mrefu, akazunguka nyuma yake, akaigonga kidogo kwa fimbo kama mtu anayepima afya ya mnyama. Kisha akamwuliza kijana, "Ni wako huyu?" Hakusema "hii", alisema "huyu". Kijana akaitika. Mzee akapanda nyuma, akamwambia ampeleke nyumbani.

Mkopo hatukuchukua.